Kifungu cha Tisa

Siku niliyoachwa, mume wangu ndiye aliyenipigia pasi nguo ya kwenda kuachwa nayo. Msicheke. Nilikuwa nimetoka wodini alfajiri, macho yamevimba, nikajitupa kitandani bila hata kuvua kandambili. Nilipozinduka nikakuta sketi na blauzi yangu ya bluu zimetundikwa mlangoni, hazina mkunjo hata mmoja. Obiri alikuwa jikoni, anapuliza uji wa mahindi kwenye kikombe ili upoe.

"Kunywa," akasema. "Wazee wakianza maneno hawaishi. Hutakula tena mpaka mchana."

"Wewe umekunywa?"

"Nimekunywa."

Mwongo. Sufuria ilikuwa na uji wa kikombe kimoja tu, na kikombe chenyewe kilikuwa mkononi mwangu. Nikanywa nusu, nikamrudishia nusu, akaimaliza bila kunitazama. Miaka kumi na mmoja tulikuwa tunakula hivyo.

Niseme mapema, maana kila mtu huuliza. Obiri hakuwa na mwanamke wa nje. Hakuwahi kuninyanyulia mkono, pombe hanywi, na pesa yake ya gereji pale Suame ilikuwa ikifika nyumbani kabla hata yeye mwenyewe hajafika. Na mimi sikuwa na mwanamume mwingine, sikutaka, mpaka leo sitaki. Tuliachana kwa sababu ya damu.

Kanisani kwetu hamfungishwi ndoa bila kadi ya damu. Mimi kadi yangu ilisema AS. Maana yake naweza kuishi mpaka uzee bila kuumwa, ila nikizaa na mwenye AS mwenzangu, mtoto anaweza kutoka na selimundu, ugonjwa wa damu wenye maumivu makali. Kadi ya Obiri ilisema AA, safi kabisa. Mchungaji akatukumbatia, mama mkwe akapiga vigelegele, tukaoana. Miaka miwili baadaye mwanetu Adom, akiwa na miezi saba, alivimba vidole vya mikono na miguu akalia siku mbili bila kunyamaza. Daktari akatupima upya. Obiri alikuwa AS.

Unajua kosa lilitoka wapi? Obiri ana binamu, mtoto wa baba yake mdogo. Wote wawili wamezaliwa Jumanne, kwa hiyo wote ni Kwabena. Wote wawili wakapewa jina la babu yao, kwa hiyo wote ni Kwabena Obiri. Siku ya kupima walikwenda pamoja kwenye pikipiki moja, wakacheka pamoja kwenye foleni, na aliyewagawia kadi dirishani akampa kila mmoja kadi ya mwenzake. Binamu, ambaye damu yake ni safi, alirudi nyumbani akalia wiki nzima, kisha akamwacha Pokuaa aliyemchumbia miaka minne, kwa kuwa Pokuaa naye alikuwa AS. Pokuaa akaenda zake Italia. Mpaka leo binamu hawezi kumtazama Obiri usoni, na Obiri hawezi kumtazama yeye.

Adom tulimzika ana miaka mitatu. Nhyira alikuja baada yake, na alikuja juu ya sindano ya kuzuia mimba, ili mjue kwamba sisi si wazembe. Naye akatoka na selimundu. Daktari alikuwa ametuambia kila mimba ni mmoja kwa wanne. Sisi tulipata wawili kwa wawili.

Basi Wofa Amponsem, mjomba wangu, mkuu wa nyumba yetu, akaanza kuja na maneno. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwenye ukoo wetu tumbo lililobaki ni hili langu. Mama yangu alizaa mabinti wawili, mmoja alishatangulia. Wofa hakuwa na kinyongo na Obiri, hata kidogo. Alikuwa akimwita mwanangu. Ila alitaka watoto wazima kutoka kwangu, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilipambana naye mwaka mzima. Aliyechoka wa kwanza alikuwa Obiri, na nilipomuuliza, akasema hajachoka na mimi, amechoka kuchimba makaburi madogo. Tukakubaliana jikoni, mimi nalia na yeye analia, huku mkate ukiungua kwenye oveni yangu nje.

Tulitafuta wakili wenyewe, mama wa makamo anayeitwa Tandoh, mwenye miwani mizito na sauti ndogo. Alituandikia makubaliano ya kuachana kwa siku tatu. Siku ya kwanza alitukalisha kila mmoja upande wake wa meza, kama anavyofanya kwa watu wote. Siku ya tatu tulikuwa tumeshahamia upande mmoja.

"Miaka kumi na minane nafanya kazi hii," akasema, akivua miwani. "Watu hapa hugombania masufuria. Nyinyi mnagombana nani amwachie mwenzake nyumba. Mna uhakika mnataka kuachana?"

Obiri akasema, "Hatutaki. Tunaachana."

Nyumba ikabaki kwangu, kwa sababu ya oveni ninayookea mkate wa kuuza. Nhyira akabaki kwangu, Jumapili kwa baba yake. Hayo yalikwenda haraka. Tulichokaa nacho siku nzima ni kifungu cha tisa, na hicho nilikitunga mimi kwa mdomo wangu, Obiri akakinyoosha. Kilisema hivi: Nhyira akilazwa, baba na mama wote wawili watakuwa kando ya kitanda chake, saa zote, na hakuna mume mpya, mke mpya wala mzee wa ukoo atakayemtoa mmoja wao. Mimi nilikuwa nimesema usiku. Obiri ndiye aliyesema, andika saa zote.

Ndiyo karatasi tuliyokuwa tunaipeleka kwa wazee Jumatano ile. Jumamosi isingewezekana, Jumamosi kwetu ni ya misiba. Na Nhyira alikuwa wodini Kumasi tangu Jumapili, goti limevimba, dripu mkononi. Niliomba kikao kiahirishwe. Wofa akanijibu kwenye simu, "Tumeahirisha mara tatu, na mara zote tatu mtoto alikuwa anaumwa. Tukimngoja apone, mtaachana mbinguni." Mama Fofie, mama yake Obiri, akaja kukaa na mjukuu wake, nasi tukapanda taksi kwenda Effiduase tukiwa tumekaa kiti cha nyuma, mikono yetu imeshikana juu ya ile bahasha.

* * *

Nyumbani kwa Wofa viti vilikuwa vimeshapangwa uani, vya kwetu huku na vya kwao kule. Ikabidi tuachiane mikono mlangoni. Upande wa Obiri alikuja mjomba wake, Wofa Dwomo, mzee mnene mwenye utani mwingi, na wazee wawili wasiosema. Mama Tandoh akawekewa meza ndogo katikati. Chupa ya pombe kali ya tambiko ilikuwa chini ya kiti cha Wofa Amponsem, na pembeni yake, kwenye kibakuli cha mbao, udongo mweupe uliopondwa, ule ambao mume humpaka mke anayemwacha. Niliuona nilipoingia, nikageuza macho.

Wakili akasoma. Nyumba, wazee wakaitikia. Mtoto, wakaitikia. Alipofika kifungu cha tisa, Wofa Amponsem akainua fimbo yake.

"Hapo rudia."

Akarudia.

"Saa zote maana yake nini? Na usiku?"

"Na usiku, mzee."

"Kwenye mkeka mmoja?"

"Haikuandikwa mkeka, mzee. Imeandikwa kando ya kitanda."

"Mama Wakili, mimi nimeuguza wodini, najua. Kando ya kitanda ni mkeka." Akanigeukia. "Birago, mtoto huyu analazwa mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara saba. Nane."

"Siku ngapi ngapi?"

"Tano. Mara nyingine kumi."

"Sasa niambie, mwanangu. Mwanamume gani atakuoa akijua mkewe atakwenda kukesha na mume wa zamani siku hamsini kwa mwaka? Mimi nisingekubali, na mimi ni mtu mpole."

"Mpole tangu lini?" akauliza Wofa Dwomo, na wazee wakacheka, hata yule wakili akajifuta mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Obiri, na Obiri alikuwa anatazama vidole vyake.

"Lakini kweli anayosema," akaendelea Wofa Dwomo, sasa bila utani. "Na sisi tunamtafutia kijana wetu mke. Tutamwambiaje huyo binti? Kwamba mumeo ana nyumba ya pili, na nyumba yenyewe ni wodi?"

"Wazee wangu, kwa heshima," akasema Mama Tandoh, "haya ni makubaliano ya watu wawili. Yakifutwa, wanafuta wao, na kila kilichofutwa lazima wasaini pembeni wote wawili. Nyinyi ni mashahidi."

"Mashahidi!" Wofa akapiga fimbo chini. "Mtoto wa ukoo wangu, tumbo la ukoo wangu, na mimi ni shahidi!"

Nikasimama. Mwanamke hasimami hivyo mbele ya wazee, najua, mama yangu angekuwa hai angenivuta sketi.

"Wofa, siku Adom anakufa ulikuwepo?"

"Birago..."

"Hukuwepo. Nikwambie basi. Mtoto wa selimundu maumivu yakimshika hataki dawa kwanza, anataka watu. Mkono huu anampa mama, mkono huu anampa baba, halafu anabana. Nhyira ni hivyohivyo. Akibana mkono mmoja tu, mwingine anaupiga kwenye chuma cha kitanda. Nani atashika ule mkono wa pili? Wewe? Utatoka hapa na fimbo yako?"

Akailaza fimbo magotini.

"Mmesema tuachane, tunaachana. Mmesema nikazae kwingine, nimenyamaza. Nyumba sijaomba, amenipa mwenyewe. Kitu nilichoomba duniani ni hicho kimoja. Bila kifungu cha tisa sisaini. Nitabaki mke wa Obiri mpaka nizeeke, na tumbo la ukoo likae hivihivi."

Nikakaa. Na ndani yangu, niseme ukweli, kulikuwa na furaha kidogo. Nilikuwa nimewabana. Obiri asingekubali kufuta, mimi nisingekubali kufuta, wazee wasingekubali kuacha, na hapo jambo lote lingekwama. Tungepanda taksi kurudi Kumasi mikono imeshikana.

Obiri akainuka, akaisogelea ile meza ndogo.

"Mama Wakili, naomba kalamu."

Nikajua anasaini, kuwaonyesha. Akainama, akaweka kidole kwenye mstari kama fundi anayetafuta ufa kwenye injini, kisha akapiga mstari juu ya kifungu cha tisa, taratibu, mpaka mwisho. Chini yake akapiga wa pili. Akasaini pembeni, akanisukumia karatasi.

Niliiacha palepale, nikasimama.

"Njoo nje," nikamwambia.

* * *

Nyuma ya nyumba ya Wofa kuna jiko la kuni na kinu cha kutwangia fufu. Alisimama kando ya kinu, mimi nikasimama mlangoni ili asipite.

"Umefanya nini?"

"Umeona."

"Tuliandika wote. Mimi nilisema usiku, wewe ukasema saa zote. Ni wewe uliyesema!"

"Ni mimi."

"Wamekununua? Huyo binti wanayekutafutia ameshapatikana, eeh? Ni mweupe? Ana AA?"

"Mama Adom."

Ni yeye peke yake aliyebaki kuniita hivyo. Nhyira alipozaliwa watu wote walihamia jina jipya, kwa huruma tu, wakidhani wananisaidia.

"Usiniite."

"Mama Adom, nisikilize. Jumapili usiku, Nhyira alipopata usingizi, ulilala begani kwangu."

"Nilikuwa nimechoka."

"Najua. Mimi sikulala. Nilikaa nakunusa nywele mpaka wauguzi wakabadilishana zamu. Ungezinduka ukaniambia twende nyumbani dakika tano tu, ningekwenda. Ningekwenda peku."

"Sasa hilo ni kosa? Mume kumtaka mkewe?"

"Nhyira tulimpata lini?"

Nikaligeukia jiko la kuni.

"Baada ya kumzika Adom. Siku ngapi?"

"Obiri, acha."

"Kumi na moja. Wote walikuwa wameondoka, tumebaki wawili, hakuna mwingine wa kulia naye. Na sindano ulikuwa umechoma." Sauti yake ikakwaruza. "Sisi hatupati mimba tukiwa na furaha, Birago. Tunapata tukitoka wodini. Na wewe unataka kuandikiwa na wakili, kwa sheria, tukae wodini siku hamsini kwa mwaka, tunashikana mikono."

"Kwa hiyo unajuta kumzaa Nhyira."

Nilisema ili kumuumiza, na nikamuumiza. Akafumba macho.

"Sijuti kuwa naye. Najuta kila akilia. Ukiweza kuyatenganisha hayo mawili nifundishe." Akaegemea kinu. "Mtoto wa tatu siwezi. Nitamshika mguuni atakapozaliwa, nitatazama vidole vyake kama vimevimba, na hapo nitakufa, utabaki unanizika na mimi."

Nilitaka kumpiga. Nikamsukuma kifuani kwa mikono miwili, hakuyumba, nikamsukuma tena, halafu mikono yangu ikabaki palepale kifuani pake na sikuitoa. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliona alivyojikata alipokuwa ananyoa asubuhi. Alinukia pasi na mafuta ya injini.

"Nitabaki na nini?" nikamuuliza. "Nyumba si kitu. Nitabaki na nini?"

"Hilo ndilo nililokuwa nalijua."

"Nini?"

"Kwamba kile kifungu hakikuwa cha Nhyira."

Ilikuwa kweli. Tangu siku ya kwanza kwa wakili nilikuwa nimeichukua ndoa yangu nzima nikaificha mle ndani, kwenye mistari minne, nikijiambia kwamba wazee watachukua yote mengine na hawatafungua hapo. Siku hamsini kwa mwaka nilikuwa bado naye. Nilikuwa nimeshazihesabu. Mama gani anahesabu siku za mwanawe kuumwa na moyo wake unapata nafuu? Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Ulijua, na ukasema andika saa zote," nikamwambia.

"Na mimi nilizitaka." Alifuta machozi yangu kwa mgongo wa mkono, maana viganja vyake huwa haviamini, huwa anadhani vina grisi. "Tupokezane. Mmoja akiingia, mwingine atoke. Mkono wa pili atashika bibi yake."

"Mama Fofie ana miaka sabini na mmoja."

"Basi atashika muuguzi. Basi ataupiga kwenye chuma, Birago, na sisi tutafunga chuma kwa nguo. Sijui. Lakini si mimi na wewe."

Kutoka uani tukamsikia Wofa akikohoa kikohozi cha kutuita. Niliitoa mikono yangu kifuani pake mwenyewe. Hakunitoa yeye, na ninataka ijulikane hivyo.

* * *

Mama Tandoh aliandika kwa mkono pembezoni mwa karatasi: watapokezana, mmoja akiingia mwingine atatoka. Aliniuliza kama nimesaini kwa hiari yangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, akiwa amevua miwani, nikasema Mama Wakili, ukiniuliza mara ya tatu nitasema hapana, kwa hiyo usiniulize. Akafunga kalamu.

Wofa Amponsem akamimina pombe kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, akawaita kwa majina, na mwishoni akamwita Adom. Sikutegemea hilo. Kisha akamuuliza Obiri mara tatu kama anamwachia Birago aende, na Obiri akasema namwachia, mara tatu, ya tatu haikusikika hata Wofa Dwomo ikabidi aseme, "Amesema." Akapewa kibakuli. Akachovya vidole vitatu kwenye ule udongo, akanipaka mkono wa kulia kutoka begani mpaka kwenye kiwiko. Mafuta ya injini hayatoki kwenye kucha zake hata uzisugue kwa nini, na weupe ule ulikaa juu ya weusi ule. Mstari ukapinda.

Aliyeanza kulia kwa sauti ni Wofa Amponsem. Mzee yule niliyemchukia mwaka mzima alijifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake akalia, na mimi nikawa nambembeleza. Nilipogeuka, Obiri alikuwa ameshafika langoni.

"Nakwenda kumpokea mama," akasema. "Zamu yangu mpaka saa nane. Wewe kula kwanza."

Aliondoka na taksi yake, mimi nikaondoka na yangu.

* * *

Nilipita nyumbani kuchukua mkate. Nhyira anapenda ganda la juu, lile gumu, ndani huwa anawapa wagonjwa wenzake. Nilifika mlango wa wodi saa nane kasoro dakika mbili, nikasimama nje. Kupitia kioo nilimwona Obiri amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto amemshika kidole gumba. Akaangalia saa, akaniona. Akamnong'oneza Nhyira kitu, akakitoa kidole chake kidogokidogo, akaja.

Tukasimama mlangoni, mimi nje na yeye ndani.

"Amekunywa maji vikombe vitatu," akasema. "Goti limepungua, sasa ni mgongo. Dawa nyingine saa kumi. Nimefunga chuma kwa kanga ya mama, upande wa kushoto. Anataka ganda la mkate."

"Nimeleta."

"Vizuri."

Alitoka, nikaingia. Mlango ni mwembamba, bega lake likagusa bega langu, lile lenye udongo.

"Zamu yako, Mama Nhyira," akasema.

Miaka sita hakuwahi kuniita hivyo hata mara moja. Nilimsikia akitembea kwenye korido, hatua zake nazijua, na sikugeuka.

Nhyira alikuwa mdogo kwenye kile kitanda, macho yana umanjano. Nilimpa ganda la mkate, akalishika bila kulila, akawa ananitazama mkono.

"Mama, hii nini?"

"Udongo tu."

"Na Baba anao. Vidoleni." Akanigusa mkono kwa kidole, akakiangalia kidole chake kilivyokuwa cheupe. "Mlikwenda kucheza wapi bila mimi?"

"Kwa babu Amponsem."

"Nikipona mtanipeleka?"

"Nitakupeleka."

"Wewe na Baba?"

Nilijifanya natengeneza shuka. Yeye si mtoto wa kudanganywa, wodi imemkomaza. Akageuka kuangalia kile kioo cha mlango, hapakuwa na mtu.

"Mwite aje. Mkono huu hauna mtu."

"Zamu yake ni kesho asubuhi, mama."

"Akija kesho, na wewe utakuwepo?"

"Mimi nitakuwa nimetoka. Tutakuwa tunapokezana. Ukipona tutakwenda nyumbani, na Jumapili Baba atakuja kukuchukua."

Akafikiri. Maumivu yalimpitia mgongoni, akanibana kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukaenda kugonga kile chuma kilichofungwa kanga. Haukutoa sauti. Yalipopita akafungua macho.

"Siku nikiumwa sana, sana kabisa," akaniuliza, "si mtakuja wote?"

Nikaikaza upya ile kanga kwenye chuma. Akaitikia kwa kichwa peke yake, kama mtu aliyeshaelewa, akaniwekea ganda la mkate kiganjani nimtunzie, akafumba macho.